Chonge za Mkwe

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kupokea wateja, fundi wa meno alizipiga tupa chonge za mkwe wake. Alimlaza kwenye kiti cha ngozi kilichochanika mkononi, akamtandikia taulo kifuani, akaanza na tupa nene na kumalizia na laini. Unga wa meno ulianguka kwenye taulo huku redio ikisoma bei ya mafuta. Mkwe akasukutua, akatema, akaulizia hali ya mama.

Hakuna aliyefichwa kitu. Siku ya posa mkwe alisema mwenyewe, mbele ya wazee wa pande zote mbili, kwamba yeye ni mnywa damu na kwamba hakuomba. Baba yake mdogo hakujaliwa mtoto, akaogopa jambo lake lisije likapotea, akamng'ata shingoni akiwa amelala. Wengine hurithishwa shamba. Yeye alirithishwa kiu. Tangu siku hiyo vioo vilimkataa, na chonge ziliota upya hata zikatwe vipi. Alisema haya machozi yakimlengalenga, hata shangazi wa bibi harusi akamwonea huruma na kumwongezea soda. Kila nyumba ina lake, wazee wakasema. Afadhali huyu kasema. Wapo wanaoficha hata wake.

Binti alimvuta baba yake kando.

"Kama ni meno, Baba, meno nitayavumilia. Siku ukiona si meno, ni yeye, niambie. Nitarudi nyumbani."

"Nitakwambia, mwanangu," fundi alisema. Alimpenda kama mboni ya jicho lake, na alikuwa amedhamiria kweli.

Baadhi ya wiki binti alikuja na vidonda viwili vidogo chini ya kitambaa cha shingoni. Chonge zimeota mapema, mkwe alieleza, na fundi akajilaumu kwa kupiga tupa kivivu.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo mkwe alipanua kinywa na fundi hakukuta cha kukata. Chonge zilikuwa palepale alipoziacha, butu, sawa na za mtu yeyote. Alichukua kioo chake kidogo chenye mpini, ambacho kwa mkwe kilikuwa hakionyeshi ila kiti. Sasa kilionyesha ufizi, ulimi, na jino la mbele alilomziba mwenyewe, lenye pengo pembeni.

"Hazijaota," alisema.

"Zimeacha tangu tulipomzika baba mdogo. Kumbe kiu ilikuwa yake, kaondoka nayo."

Mazishi hayo fundi aliyahudhuria. Yalifanyika Jumapili, siku moja baada ya tupa ya mwisho. Juzi tu alikuwa amemfungua binti yake kitambaa. Hakukuta matundu mawili. Alikuta alama ya upinde mzima wa meno, juu na chini, na pengo moja mahali palepale. Alikuwa ameliona, akajifanya hakuliona.

"Na shingo ya mwanangu?"

Mkwe alitazama dari. "Mazoea yana taabu, Baba," alisema kwa upole. "Piga tupa hivyohivyo kidogo, wasikie. Wakijua haziotagi tena, watasema ni mimi."

Nje, kwenye benchi, binti alikuwa ameketi na mama mkwe wake. Mwezi ule mdogo wake binti alikuwa anaposwa, na nyumba yenye binti aliyerudi huulizwa maswali mengi. Fundi alifikiria wazee, akafikiria maneno ya watu. Kisha akavuta meno bandia ya mteja yaliyokuwa mezani, akaanza kuyapiga tupa, akachukua muda uleule wa siku zote. Mkwe alilala amefumba kinywa. Unga ulianguka kwenye taulo.

Mlango ulipofunguliwa, binti alisimama kizingitini, hakumtazama mumewe hata kidogo.

"Zilikuwa zimeota, Baba?"

"Zilikuwa zimeota."

Binti alitazama meno bandia mezani, kisha mikono ya baba yake. Akakaza kitambaa shingoni.

"Haya. Basi ni meno," alisema. "Meno nitayavumilia."

Wakaondoka watatu, mama mkwe akishukuru kwa kazi nzuri.

Kesho yake fundi alisimama mbele ya kioo cha bafuni kunyoa ndevu. Kioo kilionyesha ukuta, taulo na kopo la sabuni. Alisubiri kidogo. Akajipapasa shingo, haikuwa na kidonda, wala hakuna aliyewahi kumng'ata maishani mwake. Akanyoa kwa kubahatisha. Mezani mkewe alimwambia ana povu sikioni, akamfuta kwa kidole, akammiminia chai.

Jumamosi iliyofuata, mkwe alipofika, meno bandia yalikuwa tayari mezani.