Kikombe cha Kwanza

Abdia alipozimia mara ya pili sokoni Garsen, kibuyu cha maziwa mgongoni, wanawake wauza maziwa walitazamana. Na Darmi, mama yake, anayajua macho hayo. Mwenyewe amewahi kuwatazama nayo mabinti wa wenzake. Leo yamemgeukia yeye. Wallahi, dunia!

Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Nuh, bwana harusi, na watu wake wa Bangale walishaleta ng'ombe wa mahari, na mwaka ule, baada ya mvua za Elnino, ng'ombe walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Ikisikika kwamba bibi harusi ana mimba, Darmi ataweka wapi uso wake? Kumuuliza mtoto akashindwa. Akamshika mkono, hao, zahanati, roho mkononi.

Nesi Binti, Mpokomo mnene asiyejua kunong'ona, alimpima Abdia mkojo, akamtoboa kidole, akamfunua kope.

"Mimba hamna, mama."

"Hamna kabisa?"

"Nikuandikie ukutani? Damu yake iko chini. Wewe, asubuhi unakula nini?"

Abdia akainamisha kichwa. "Sili. Natoka na maziwa alfajiri, nakula nikirudi, saa nane hivi."

"Unabeba maziwa na unaanguka kwa njaa?"

"Mama alisema kibuyu kisiguswe kabla ya soko."

Kweli alisema. Mansur, mwenye hoteli anayenunua maziwa yao, aliwahi kulalamika kibuyu kimepungua, na Darmi kwa hasira akapiga marufuku: hata tone! Akasema siku moja, akasahau. Mtoto akalishika neno hilo miezi minne. Na yeye, badala ya kuona njaa, akaona aibu. Darmi alicheka, akalia, akacheka tena, mpaka nesi akamvutia kiti.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikudhania vibaya."

Nesi akawapa vidonge vya kuongeza damu. "Na mboga za majani, na maharagwe. Na asitoke nyumbani tumbo tupu, mmenisikia?"

Kesho yake Darmi alikamua, akampa Abdia kikombe cha kwanza na ugali uliobaki jana. Akasimama mbele yake mpaka akamaliza. Kisha wakaenda sokoni pamoja.

Mansur akachungulia kibuyu. "Mama, leo hakijajaa."

"Hakijajaa," Darmi akajibu, kwa sauti ya kusikika na wale wanawake wote. "Binti yangu amekunywa."