Kumkusanya Imfizi

Pale Gungu, ukimtaja Melania, watu wa makamo watakuuliza kwanza: yule wa pikipiki? Wala hawasemi bodaboda hizi zinazolia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Lake lilikuwa pikipiki kubwa la safari, la zamani, lenye silinda mbili zilizochomoza kulia na kushoto mithili ya pembe. Kwa sababu ya pembe hizo Waha wa mtaani walilibatiza Imfizi, yaani fahali. Melania alilinunua angali msichana, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi za wakimbizi na sasa anarudi kwao.

Wakati huo Melania alikuwa refa wa mpira. Ligi ya wilaya ikimwita Kasulu, anakwenda. Ikimwita Kibondo au Uvinza, anakwenda. Wachezaji walikuwa wanamsikia kabla hawajamwona: mngurumo mzito kutoka nyuma ya kilima, kisha vumbi, kisha mwanamke mwembamba anashuka, anavua kofia ngumu na kuuliza, "Mpira wenyewe uko wapi?" Pikipiki alilitengeneza mwenyewe. Mafuta ya injini alimwaga mwenyewe, valvu alirekebisha mwenyewe, na ole wake fundi aliyelishika bila ruhusa.

Kisha mumewe, Thobias, akaugua figo. Ikabidi apelekwe Mwanza, akae huko miezi na miezi. Ng'ombe hawakuwa nao, shamba lilikwisha kuuzwa, akabaki Imfizi. Hakuna aliyelitaka zima, maana lilikula petroli kama lori, kwa hiyo Melania akaliuza kama wanavyouza nyama ya sikukuu, huyu paja, yule mbavu. Fremu peke yake ndiyo iliyokosa mteja. Akaisimamisha uani, akapanda mpasheni, nao ukaifunika.

Thobias akapona. Alirudi amekonda, lakini alirudi. Melania hakulitaja pikipiki tena, hata watoto walipokua wakaondoka nyumbani, hata alipoacha urefa akafungua genge la mboga. Ukimuuliza alikuwa anasema, "Mimi nilibadilisha chuma kwa mtu. Nani kapata hasara?"

Mambo yalianza Bangwe, mwaka juzi. Thobias alikuwa amekwenda kununua dagaa, akaomba lifti kwenye boti ya nahodha Yona. Yona akamwonyesha pa kukaa, pembeni yake, na Thobias kabla hajakaa akakitazama kiti. Kilikuwa cha ngozi ya kahawia, kirefu, na katikati kilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Thobias aliijua mishono ile. Mkewe hushona hivyo hivyo mashati yake.

Siku hiyo alirudi nyumbani bila dagaa, kiti kichwani.

"Baba Nehemia," Melania akasema, "umetoka wapi na hicho?"

"Kwa Yona. Nimempa koti langu la mvua, na kesho namfungia benchi jipya."

Melania alikipokea kiti akakigeuza, akapitisha kidole juu ya kile kiraka. Kisha akauliza kwa ukali, kama mtu anayejizuia, "Sasa kiti kitanifaa nini? Nikikalie jikoni nikichambua mchicha?"

"Kikalie jikoni," Thobias akajibu, "mpaka tupate vilivyobaki."

"Wewe mzima kweli? Vile vitu vimetawanyika mwambao mzima!"

"Mama Nehemia, mimi nalala usiku nikijua ninapumua kwa pikipiki ya mtu. Miaka yote hii. Niache na mimi nitafute."

Melania akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika panga. Thobias akadhani mchezo umeharibika, lakini mkewe alimpita, akaenda moja kwa moja uani na kuanza kuukata ule mpasheni. Alikata huku akiomba radhi, "Samahani, mama, samahani, umetulisha sana," hadi fremu ikaonekana, imepauka lakini imenyooka.

Wakaipeleka gereji kwa Zénon, fundi wa bodaboda ambaye wazazi wake walitoka Burundi na kuhamia hapo Gungu. Zénon aliizunguka akijikuna kidevu.

"Mama, hii si matengenezo. Huu ni ufufuo."

"Basi wewe nipe nafasi na bisibisi," Melania akamwambia. "Kufufua nitafufua mwenyewe."

Utafutaji ukaanza, na hapo ndipo walipojua kwamba Imfizi hakuwahi kufa. Alikuwa kibaruani. Tangi walilikuta Ujiji, kwa mama mmoja aliyekuwa akihifadhia mafuta ya taa, limeng'aa kwa kupanguswa kila Jumamosi. Magurudumu yalikuwa chini ya mkokoteni sokoni, na mwenyewe aliapa kwamba katika mikokoteni yote ya Ujiji hakuna unaoteleza kama wake. Taa ya mbele ilikuwa ikivutia dagaa ziwani. Kila walipofika, Melania alisalimia, akaketi, akaeleza shida yake, na hakuomba kitu cha bure. Mwenye mkokoteni alitafutiwa magurudumu ya gari dogo. Mama wa Ujiji alitaka madumu mapya tu, akaongeza na sharti moja: siku pikipiki likiwaka lipite mlangoni kwake alione.

Boksi la gia lilikuwa kwenye stoo ya Zénon mwenyewe, chini ya rundo la vyuma alivyorithi kwa baba yake. Alipolitambua alishika kichwa. "Miaka yote nalikanyaga nikifuata spana!"

Ikabaki injini.

Injini ilikuwa Ilagala, kwa Révérienne, mjane wa Kirundi mwenye mashine ya kukamua mawese. Marehemu mumewe ndiye aliyeinunua, akaifunga kwenye msingi wa zege na feni la lori mbele yake ili isichemke. Melania na Thobias walipokaribia walisikia mngurumo kabla hawajaiona michikichi. Melania akasimama njiani, mkono kifuani.

"Ni yeye," akasema.

Révérienne aliwakaribisha vizuri, akawapa viti na ndizi za kuchoma, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa, akakataa kwa Kirundi.

"Oya, mwanangu. Hiyo injini ndiyo mume wangu sasa. Ndiyo inayonilisha. Ukiichukua, chikichi za kijiji kizima zitaoza mikononi mwangu."

"Nitakuletea nyingine, mama."

"Wengi wameniletea nyingine. Ya kwanza ilikufa siku ya pili. Ya mwisho ilitoa moshi hadi mawese yakanuka."

Thobias akataka kubembeleza, Melania akamgusa goti anyamaze. Aliinuka akaenda kuitazama injini. Mafuta hayakuwa yakivuja. Kila nati ilikuwa mahali pake. Mtu alikuwa akiitunza, tena kwa upendo.

"Nani anaibadilishia mafuta?" akauliza.

"Mimi," Révérienne akasema. "Mume wangu alinifundisha."

Melania akageuka. "Basi sikuchukulii kwa maneno. Nitaleta injini nyingine, nitaifunga pembeni ya hii, na hii hatutaigusa. Utakamulia ile mpya wewe mwenyewe kwa muda unaoutaka. Siku utakayosema imeizidi hii, ndiyo siku nitakayofungua bolti. Usiposema, nitakwenda zangu, na ile mpya itakuwa yako."

Révérienne akacheka hadi mabega yakatikisika. "Ego, ndiyo! Huyu ni refa kweli."

Zénon aliipata injini ya dizeli iliyokuwa ya mashine ya kusaga, imetupwa kwa sababu ya pampu mbovu. Melania aliifungua yote, akaiunda upya, wakaipeleka Ilagala kwa boti ya Yona, ambaye sasa alikuwa amejifanya mwanachama wa jambo hili na hakutaka nauli. Waliifunga. Siku ya kwanza mkanda ulichomoka, na wanawake waliokuja na chikichi zao wakaguna. Melania hakurudi mjini. Alilala kwa Révérienne, asubuhi akaisogeza puli, akaukaza mkanda, akakaa hapo hapo kwenye joto na harufu ya mawese akisikiliza. Kufikia mwisho wa msimu ile dizeli ilikuwa inakamua foleni nzima kabla ya adhuhuri, na wanawake walikuwa wanawahi kurudi nyumbani kupika.

Révérienne akampigia simu. Hakuzungusha maneno. "Njoo umchukue fahali wako. Kazeeka, anastahili kutembea."

Walipoifungua injini gereji, Zénon alitegemea kutu na mikwaruzo. Melania alivuta silinda ya kwanza, akaingiza kidole ndani, akatabasamu. Ukuta ulikuwa laini kama kikombe. Pikipiki lililokaa stoo huozea humo ndani, lakini injini hii ilikuwa imefanya kazi kila msimu, taratibu, kwa mwendo mmoja, na mafuta safi. Ringi tu ndizo zilizokuwa zimechoka. Akaagiza ringi Dar es Salaam, akakata gasketi mwenyewe, akapima valvu kwa ule wembe wa kupimia aliokuwa akiutumia tangu ujana. Waya alizitandika mpya zote. Klachi aliifunga mara mbili, maana mara ya kwanza haikumridhisha.

Siku ya kuwasha, gereji ilijaa. Alikuja Yona, akaja na mwenye mkokoteni kutoka Ujiji. Madereva wa bodaboda walizima pikipiki zao wakajipanga ukutani.

Melania akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Likakohoa, likapiga mshindo kwenye kabureta, likawaka kwa upande mmoja, likapaa kwa kelele na kuzima.

"Bi mkubwa, hilo limeshakufa," dereva mmoja akasema. "Uza chuma chakavu."

Wenzake wakacheka. Thobias akamgeukia kwa hasira, lakini Melania alikuwa hana habari nao. Alibadilisha plagi. Likafanya vile vile. Alisafisha kabureta ya kushoto, likafanya vile vile. Watu wakaanza kuondoka mmojammoja. Zénon akasema kwa upole, "Mama, pengine kesho."

"Ngoja," Melania akasema. "Linavuta pumzi pasipostahili."

Alichukua chupa ya maji. Akamwomba Zénon apige kiki, na lilipowaka kwa ule mlio wake wa kilema, yeye akadondosha maji taratibu kwenye mpira unaounganisha kabureta na silinda. Mlio ukabadilika papo hapo, ukatulia kidogo, kisha ukarudi kupaa. Akadondosha tena. Ukatulia tena.

"Mpira umepasuka!" Zénon akapiga kelele. "Unaingiza hewa!"

"Kwa ndani, usikoonekana," Melania akasema. "Nipe tyubu ya lori. Ile nene."

Alikata kipande, akakivika, akakikaza kwa vibano viwili. Akapanda mwenyewe. Akapiga kiki mara moja tu.

Imfizi akanguruma.

Silinda zote mbili, kwa zamu, kwa uzito, mpaka makopo ya nati yakacheza mezani. Waliokuwa wameondoka wakarudi mbio. Yule dereva aliyesema limekufa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kulishika tangi, kwa kiganja kizima, kama mtu anayemgusa farasi. "Kiti kile changu!" Yona alikuwa anapiga kelele. "Magurudumu yangu hayo!" mwenye mkokoteni akajibu. Thobias alisimama katikati yao wote akilia wazi wazi, hana hata aibu ya kujifuta.

"Panda, Baba Nehemia," Melania akamwambia.

"Mimi? Si ulijaribie kwanza?"

"Nimelijaribu miaka kumi. Panda!"

Thobias hakuwahi kupanda Imfizi hata mara moja. Alikuwa akiliogopa enzi zile, na baadaye halikuwepo. Akakaa nyuma, akamkumbatia mkewe kiunoni mbele ya watu wote wa Gungu. Wakatoka, bodaboda nyuma yao zikipiga honi kama harusi. Walishuka Ujiji, wakapita mlangoni kwa yule mama wa tangi, ambaye alitoka na mwiko mkononi akapiga vigelegele. Ziwa lilikuwa upande mmoja, jeupe kwa jua, na Melania alikuwa akibadilisha gia bila kufikiri, kana kwamba mguu haujawahi kusahau.

Wiki iliyofuata walikwenda Ilagala. Révérienne alizima dizeli yake ili asikie vizuri. Alilizunguka pikipiki mara mbili, akainama, akaweka sikio karibu na silinda kama mtu anayemsikiliza mtoto kifuani.

"Lini utabadilisha mafuta?" akauliza.

"Nikirudi, mama. Natoka hapa nakwenda Tabora."

"Tabora!" Thobias akashtuka. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Nilichezesha fainali kule, hukuwepo. Nataka uuone uwanja."

Thobias alilitazama pikipiki, akamtazama mkewe, akatazama barabara. Kisha akafunga vizuri vifungo vya shati na kupanda bila kuambiwa mara ya pili. Révérienne akawafungia chupa ya mawese nyuma, safi, mekundu, akawasindikiza mpaka mwisho wa michikichi.

Walifika Tabora wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, na Imfizi hakuzima hata mara moja njiani.