Salamu ya Kiganja Kimoja

Mtaa mzima wa Katubuka unajua kwamba mimi, Bonifasi, fundi mstaafu wa injini za meli, niliwahi kuvutwa na samaki mmoja, sangala, hadi Kalemie ng'ambo ya ziwa na kurudi kabla chai yangu haijapoa. Kwa hiyo nilipoitwa mahakamani kumtolea ushahidi Veneranda, mke wa mwanangu, watu walikuja na karanga.

Veneranda alikuwa anadai fidia. Zahanati moja ya binafsi ilimchoma chanjo juu mno, kwenye kiungo cha bega, na tangu siku hiyo mkono wa kushoto haujainuka kupita kiuno. Chanjo yenyewe hana ugomvi nayo. Wajukuu zangu wote kawapeleka mwenyewe.

Davis, wakili wa zahanati, akaanza huku anatabasamu. "Mzee, ni kweli samaki alikuvuta hadi Kongo?"

"Kweli tupu. Ila kurudi nilimvuta mimi."

Watu wakaangua kicheko. Veneranda hakucheka. Aliniangalia kama anayeona mtumbwi wake unaingia maji, nikaona haya.

"Basi na huo mkono ni hadithi yako," Davis akasema. "Mama huyu anaigiza."

Nikamgeukia Hakimu Aikande, mgeni kwetu, mtu wa Kilimanjaro.

"Mheshimiwa, sisi Waha mke wa mwana humsalimu baba mkwe kwa kuinama na kupiga makofi mbele ya kifua, viganja viwili. Huyu, baada ya chanjo, akawa anajipiga paja kwa kiganja kimoja. Kwetu hilo ni tusi. Aliposema bega linauma, nikamwita mvivu. Miezi minne sikumwitikia. Nikamsema mtaa mzima, mwanangu nusura amrudishe kwao Kidahwe. Wakati huo hajamjua wakili yeyote! Nani anaigiza jambo la kumvunjia ndoa?"

Karanga zilinyamaza.

"Aibu hiyo ni yangu," nikamaliza, "na haina samaki ndani yake."

Wiki tatu baadaye hukumu ikasomwa: Veneranda ameshinda. Nje ya mahakama akainama, kiganja kimoja tayari. Nikamwahi. Mimi, baba mkwe mwenye mvi, nikainama mbele ya umati nikampigia yeye makofi.

"Baba, watu wanatuangalia!"

"Waangalie vizuri. Huyu ndiye mkwe wangu."

Makofi yale yalisikika hadi Kalemie. Waulizeni wenyewe.