Lundo Lisilo na Mwenyewe

Mwaka 1974, mafuta ya taa yalipopanda bei hadi watu wakawa wanalala mapema kama kuku, Timotheo Kalinga, mchumi wa ofisi ya mipango ya kanda, Iringa, alibuni mpango wa maisha yake: bonde zima la Usangu lipikie gesi ya mavi ya ng'ombe. Mkubwa wake alicheka mpaka akavua miwani.

"Nani atayazoa porini, Kalinga? Niletee jina la mtu mmoja aliyekusanya, na idadi ya ng'ombe wake. La sivyo, Jumatatu unahamia stoo ya majembe."

Basi Kalinga, na digrii yake, akapanda lori hadi Chimala, akatembea mpaka kwa Mzee Budeba, Msukuma aliyehamia huko na mifugo yake.

"Shikamoo mzee. Una ng'ombe wangapi?"

"Marahaba. Wachache tu."

Ng'ombe walijaa mbugani hadi macho yanachoka. Lakini mfugaji gani atamtajia mtu wa serikali idadi yao, ili kesho aje wa kodi? Kalinga aliuliza mara tatu, akapewa maziwa mara tatu. Akatangaza, kwa ujinga wake, kwamba kesho angehesabu mavi, aipate idadi kwa njia hiyo.

Asubuhi mbuga ilikuwa safi kama sakafu ya kanisa la Tosamaganga. Hakuna hata bonge moja! Kalinga alitaka kulia. Akazunguka nyuma ya boma, akateleza, akazama hadi kiunoni kwenye lundo lililoipita nyumba kwa urefu. Nyamizi, mke wa Budeba, alisimama kando na karai, jasho likimtoka. Ukoo mzima ulikuwa umezoa tangu alfajiri.

"Mmeyakusanya!" Kalinga alijinasua, akamkumbatia Budeba aliyekuja kutazama, naye hakufurahia. "Mzee, lundo hili ni lako!"

"Langu? Mimi silijui."

"Mama?"

"Hata mimi nalishangaa, mwanangu."

Alibembeleza hadi jua la utosi. Wapi! Kwa kuiogopa ile stoo, akajaza fomu mwenyewe: Mkusanyaji, T. Kalinga. Ng'ombe, mia tatu, kwa makadirio ya lundo.

Mpango ulipita. Baada ya mwezi akaitwa tena. Mezani palikuwa na barua ya kuuliza imekuwaje mtumishi wa umma, katika nchi ya Ujamaa, amiliki ng'ombe mia tatu. Safari hii mkubwa hakucheka.

"Kalinga, una ng'ombe wangapi?"

Kalinga alifungua kinywa aseme kweli, akaiona stoo ya majembe mbele yake.

"Wachache tu, mzee."