Eda ya Nusaiba

Kikohozi kilipopita Mitwero mwaka ule, watu wakikwepa kukitaja jina na kukiita changamoto ya upumuaji, Nusaiba ndiye aliyetangulia kukohoa, alipotoka kwao Kivinje. Mumewe Ridhiwani akafuata. Mke akapona, mume akazikwa. Warda, dada wa marehemu, hakumsamehe wifi yake: yaani aliyeuleta ugonjwa ndiye aliyebaki.

Basi Warda akahamia pale nyumbani kusimamia eda, na jamani, aliisimamia. Nusaiba alikalishwa mkekani chumba cha ndani, pazia limeshushwa. Kuinuka ni kwenda chooni na kutawadha tu. Akijinyoosha kidogo ukumbini, anaulizwa anamtafuta nani. Majirani wakamsifu Warda kwa kushika dini, na sifa zikamkolea.

Wiki ya pili mguu wa kushoto wa Nusaiba ukavimba, shavu la mguu likawa gumu na la moto. Wa kulia ulikuwa mzima.

“Wifi, nipeleke hospitali,” aliomba. “Nitajifunika gubigubi, hataniona mtu.”

“Kaka yangu hata udongo haujamkaukia, wewe unataka kutembea?”

Jirani mmoja akauliza kama shehe ameulizwa. Warda akajibu ameshamwuliza. Uongo mtupu. Alijua fika kwamba shehe angesema mgonjwa atoke akatibiwe, na ndiyo maana hakwenda kumwuliza.

Asubuhi moja Nusaiba aliinuka akatawadhe, akashika kifua, pumzi zikamkatika, akaanguka. Hapo ndipo bajaji ilipoitwa. Alikata roho njiani.

Daktari aliutazama ule mguu, akauliza umevimba tangu lini. Warda akasema tangu jana. Daktari akamweleza taratibu kwamba ugonjwa ule hauishii kifuani. Huiumiza mishipa ya damu kwa ndani, damu ikawa inaganda upesi, hata wiki kadhaa baada ya kikohozi kuisha, na kukaa tu bila kutembea huzidisha. Donge la damu lilifanyika mguuni, likang'oka, likapanda na damu hadi likaziba mapafu. Dawa ya kuzuia damu isigande ipo, angewahi, angepewa.

“Lakini kama ni jana tu, mama, usijilaumu,” alimalizia.

Warda akashukuru.

Matangani wanawake walijaa mkeka uleule. Wakasema Nusaiba alimpenda mumewe hata akamfuata, na heri yake, kafa eda yake haijavunjika. Wakamwombea dua Warda naye kwa kumtunza wifi yake. Moyo ulimchoma, usiseme hakuwa na moyo. Alifungua kinywa aseme, akaziona nyuso zote zimemgeukia kwa heshima.

“Hakutoka nje hata siku moja,” Warda akasema, na wote wakaitikia mashaallah.