Toa Ishirini

Kila asubuhi Mama Upepo alianza kazi kwa kutoa ishirini. Geji ya karakana ya kupimia upepo wa matairi, ile iliyotundikwa msumarini kando ya kompresa, iliwahi kuanguka sakafuni, na tangu siku hiyo mshale wake ulibaki nyuma paundi ishirini. Ukisoma mia, ndani ya tairi mna mia na ishirini. Alimwambia meneja mara tatu. Mara ya kwanza meneja alisema atanunua nyingine, mara ya pili alisema bei zimepanda, mara ya tatu akamuuliza kama kampuni ni ya babake. Mama Upepo akatia maneno mfukoni. Dereva wa lori akitaka mia na ishirini, alijaza mpaka mshale useme mia, kisha akahakikisha kwa kijigeji chake mwenyewe, chembamba kama kalamu, alichokiweka kifuani pamoja na funguo za nyumbani. Mambo yakaenda, na kwa kuwa yalikwenda, hakuna aliyeona haja ya geji mpya.

Yalikwenda mpaka siku alipouguliwa na mwanawe akaomba ruhusa. Fundi aliyeshika zamu yake aliamini mshale kama mtu anavyoamini saa ya ukutani. Lori lilitoka na mzigo wa kupita kiasi, jua likawaka, na tairi la mbele likapasuka kwenye kona, kilomita arobaini kutoka karakana. Dereva alikuwa kaka yake Mama Upepo, tumbo moja. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Kampuni iliandika kwamba alikimbiza gari, na mkimbiza gari halipwi fidia. Sasa alikuwa amelala kwenye kitanda cha dada yake, na dada na watoto walilala sakafuni.

Leo alikuwa anakuja afisa wa kazi kukagua geji. Ikionekana mbovu, kaka atapata haki yake. Ikionekana nzima, basi.

Alikuja kwa basi la asubuhi, mwanamume mnene wa tai fupi, na kwapani amebana mto mdogo wa kukalia. Mafundi waliuona ule mto, wakatazamana, wakatazama pembeni. Kuna magonjwa ambayo waungwana hawayataji. Meneja alimpokea kwa mikono miwili. Karakana nzima ilimwita meneja Pampu, kwa kuwa alitembea kifua kikiwa kimejaa siku zote na hakuna aliyewahi kujua kilichojaa humo.

Mama Upepo alitoa kijigeji chake, akamwomba afisa apime tairi moja kwa zote mbili, aone tofauti kwa macho yake. Afisa alikishika kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa jino.

"Kina cheti?"

Alimjibu kwamba hakina, alikinunua mwenyewe.

"Basi hiki ni mapambo," afisa akasema, akamrudishia.

Pampu akacheka, akasema yeye ana kipimo bora. Jana alikuwa amefunga matairi mapya kwenye pikapu yake, makubwa, ya kumfika mtu kiunoni, ya kupanda milima ambayo hakuwa na safari nayo. Alitaka yajazwe sasa hivi kwa geji hiyohiyo, mbele ya afisa, kisha wapande wote wawili waende wakaone kona ya ajali. Mtu hawezi kuhatarisha roho yake kwa geji mbovu, au siyo? Afisa akaitikia kwamba hiyo ni hoja.

"Tia thelathini na tano," Pampu akaamuru. "Ndivyo kibandiko cha mlangoni kinavyosema."

Hapo Mama Upepo alimpa nafasi yake, asije mtu akasema hakumpa. Alimweleza taratibu kwamba kibandiko kile ni cha matairi madogo yaliyotoka na gari. Tairi kubwa lina tumbo kubwa. Kwa gari tupu hubeba uzito uleule kwa upepo mdogo zaidi. Na nambari iliyochongwa ubavuni, sitini na tano, ni mwisho wa tairi kuvumilia, siyo amri ya kujaza. Aanze na thelathini za kweli, asubuhi hii matairi yakiwa baridi, apige mstari wa chaki, gari lisogee, chaki ionyeshe tairi linakanyaga wapi. Na thelathini za kweli, kwa geji ile, husomeka kumi.

Pampu alimsikiliza huku akitabasamu kwa afisa.

"Mama, upepo umesomea chuo gani? Tia thelathini na tano kwa geji ya karakana."

"Sawa bosi. Naomba uandike kwenye kitabu cha kazi."

Akaandika kwa mbwembwe, akapiga sahihi inayopanda na kushuka. Mama Upepo akachuchumaa. Alijaza matairi yote manne mpaka mshale uliposimama juu ya thelathini na tano, bila kutoa kitu, akijua ndani mna hamsini na tano. Hayakuwa ya kupasuka. Nambari ya ubavuni ilikuwa bado mbali kidogo. Hakutaka kuua mtu, maana aliyekufa hasikii maumivu. Alipomaliza alivirudisha vifuniko vya chuma vya valvu, akavikaza kwa koleo mpaka vikalia. Vidole vya mtu wa ofisini visingevifungua hata kwa maombi.

Barabara ya kwenda konani ilikuwa lami kwa kilomita kumi. Zilizobaki zilikuwa vumbi lenye makunyanzi kama ubao wa kufulia.

Walirudi saa tisa. Pikapu iliingia ikiruka juu ya changarawe kama mpira. Pampu alishuka akishika kiuno, kifua kimelegea. Afisa hakushuka mara moja. Alitanguliza mguu mmoja, akapumzika, akaleta wa pili, na mto wake aliushika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba maiti ya mtoto. Lakini mkoba wake, uliotoka mwembamba, ulikuwa umerudi umeshiba, na wote wawili walikuwa na vijiti vya meno mdomoni.

Mama Upepo alichukua chaki, akachora mstari mpana juu ya tairi la mbele, kutoka ukingo hadi ukingo, akamwomba bosi asogeze gari hatua kumi kwenye saruji. Gari likasogea. Katikati chaki ilikuwa imefutika yote. Pembeni, huku na huku, ilibaki nyeupe kama ilivyochorwa. Tairi lilikuwa linasimama kwa ncha ya tumbo. Akamwonyesha afisa. Afisa aliinama kidogo, akaona, na kila fundi aliona kwamba ameona.

"Chaki siyo ushahidi," Pampu akasema.

Afisa akatoa fomu. Akaletewa kiti, akakitazama kiti, akasema ataandika akiwa amesimama. Aliilaza fomu juu ya boneti, akaandika kwamba geji ni nzima na haina kasoro, akagonga muhuri. Kisha akabandika juu ya kioo cha geji kibandiko cha kijani chenye neno KAMILI.

Hivyo ndivyo mguu wa mtu ulivyofutwa, saa tisa na robo, juu ya boneti.

Basi la mchana lilikwishaondoka. Pampu alikuwa ameahidi kumrudisha mgeni ofisini kwake, kilomita themanini, kwa barabara ileile na kuipita kona. Afisa alimsogelea Mama Upepo, akaongea chini chini.

"Mama, hebu punguza upepo kidogo."

"Kwa nini, mzee?"

"Punguza tu."

"Mficha uchi hazai," fundi mmoja akasema kutoka chini ya lori, na mafundi wote wakakohoa.

Mama Upepo akafuta mikono kwa tambara. Alieleza kwa adabu kwamba geji inasoma thelathini na tano, mkubwa amethibitisha, bosi amesaini. Yeye akipunguza atakuwa anapingana na serikali. Ila wakimwandikia kwamba geji ya karakana inasoma pungufu, atapunguza sasa hivi, tena atawapa na maji ya kunywa.

"Ni amri," Pampu akasema. "Ama sivyo kesho usije."

"Niandikie na hiyo, bosi. Na sababu."

Akamnyooshea kitabu na kalamu. Mafundi walikuwa wametoka chini ya magari, wamesimama wakiwa na spana mikononi, hakuna aliyefanya kazi. Pampu alitazama kitabu, akatazama kibandiko cha kijani, akatazama makalio ya mgeni wake. Kalamu hakuichukua. Akafungua mlango wa pikapu.

"Upepo uko sawa, bosi?" Mama Upepo akauliza.

Pampu akapanda, akashika usukani kwanza.

"Uko sawa."

Waliondoka. Afisa alikuwa ameng'ang'ania mpini wa juu ya dirisha, nusu amekaa, nusu anaogelea.

Mama Upepo alichukua kipande cha chaki kilichobaki, akaandika ukutani juu ya geji, herufi za kusomeka kutoka barabarani: TOA ISHIRINI. Fundi wa bodi akaleta kopo la rangi nyekundu, bila kuombwa, akapitia juu ya chaki. Kisha Mama Upepo akatoka nje akapiga simu nyumbani.

"Vipi?" kaka yake akauliza.

"Tumeshindwa. Amesaini nzima."

Alisikia kitanda kikilia, mtu akijigeuza bila mguu.

"Lakini wako njiani na pikapu ya Pampu," akasema. "Kwa geji yao. Asubuhi nilitia hamsini na tano. Sasa matairi yamepata moto."

"Sitini na kitu," kaka akasema polepole. "Gari tupu?"

"Tupu. Na mgeni ana mto."

Ndipo akakisikia kicheko ambacho hakikuwa kimesikika tangu hospitalini, kibaya, cha kukwaruza, cha mtu aliyeiendesha barabara ile miaka kumi na sita na anaijua shimo kwa shimo.

"Wametoka saa ngapi?"

Alimtajia. Kaka akapiga hesabu.

"Basi wamemaliza lami," akasema. "Sasa makunyanzi. Usikate simu, mdogo wangu. Bado kipande cha kokoto."