Mpini Mzito wa Mzee Asumani

Nianze na mti, maana ndio ulionitia wazimu. Mama Mbambu, mwenye duka la mchele karibu na stesheni, aliniletea gogo la ebene, ule mti mweusi mgumu, kutoka njia ya Lubutu, limefichwa chini ya magunia. Lilikuwa fupi kama mkono wa mtoto, lakini nililibeba mpaka nyumbani nikibadilisha bega kila baada ya nyumba tatu. Nilipolitia kwenye ndoo ya maji lilizama moja kwa moja. Nikafurahi. Uzito ndio niliokuwa nautaka.

Baba yangu, Mzee Asumani, alikuwa mchinjaji wa Waislamu wa mtaa wetu tangu kabla sijazaliwa. Mchinjaji hukata bila kusimamisha mkono. Akiinua kisu katikati, watu huanza kuulizana kama nyama ile inalika. Idi kubwa ya mwaka uliopita, Baba aliinua kisu. Mbuzi alikuwa wa Waziri, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, na nyama yote iliishia kwa mbwa. Baba alisema mkono ulimtetemeka. Wiki iliyofuata Waziri alikuja kwetu, akanywa chai yetu, kisha akatoa lililomleta.

— Muzee tunamuheshimu. Lakini akiinua kisu tena, tutatafuta muntu mwingine.

Usiku huo Baba hakula. Ukiuliza Kindu hii Asumani yupi, utaambiwa Asumani wa kisu. Wakimnyang'anya kisu atabaki Asumani yupi? Mimi kazi yangu ni kutengeneza visu, basi nikajiambia kwamba mkono unaotetemeka unataka kitu kizito cha kuutuliza. Mpini mnene, wa kujaa kiganjani.

Hapa kwetu mpini tunautia kwa moto. Unachoma mkia wa kisu mpaka uwe mwekundu, unausukuma ndani ya mti, nao unajichimbia tundu lake. Mti wa kawaida unakubali. Ebene ilisubiri nimalize kupiga msasa, nikae, niwashe sigara, ndipo ikapasuka toka juu mpaka chini. Nilitukana mpaka mke wangu Hadidja akafunga dirisha. Nusu ya gogo ilikuwa imekwenda bure.

Nikatoka kutafuta keekee ya kutobolea. Duka la vyuma lilikuwa la Mgiriki mpaka serikali ilipompa mwananchi mwenzetu, naye akauza vyote alivyovikuta. Kwenye rafu kulikuwa na bendera ya Chama na makopo mawili ya rangi yaliyokauka. Akaniita citoyen, yaani mwananchi, kama serikali ilivyotuamuru kuitana, akaniambia nivumilie. Nivumilie nini, na Idi inakuja?

Nikanoa spoki ya baiskeli, nikaizungusha kwa upinde wa kamba siku kumi na tisa. Siku nyingine nilipata kina cha ukucha tu. Jumamosi nazo hazikuwa zangu: salongo, kazi ya lazima ya serikali, sote tukafyeke majani kando ya barabara, ukikosa jina lako linaandikwa. Spoki nne zilivunjika. Vumbi la ule mti liliniingia puani nikawa napiga chafya nyeusi. Hadidja akauliza kwa nini nisitumie mpera kama watu wengine, nikamjibu vibaya, na mpaka leo najuta. Mwishowe mkia uliingia, nikaumiminia sandarusi ya moto, ukashika.

Baba alipokamata kile kisu, mkono ulitulia. Kikombe cha chai kilikuwa kikimmwagikia kila asubuhi, lakini kisu hakikutikisika. Akacheka, akasema mtoto wake ana akili. Moyo wangu ulijaa furaha.

Siku ya Idi, baada ya sala, tukamlaza mbuzi wa kwanza uani. Mimi nilishika miguu. Waziri alisimama mbele yetu, mikono nyuma. Baba akainama na kisu chake, lakini hakukata. Nikautazama mkono, hautetemeki hata kidogo. Nikamtazama usoni, nikaona macho ya mtu aliyeingia chumbani na hajui alifuata nini. Akanisogelea sikioni.

— Masudi, hapa njo tunasemaka nini?

Bismillahi. Neno alilonifundisha yeye kabla sijajua kuvaa suruali. Kumbe haukuwa mkono, hata mwaka ule haukuwa mkono. Aliinua kisu kwa sababu hakujua kama alikuwa amelitaja jina la Mungu, na akaona afadhali tuulaumu mkono. Nami siku zote hizo nilipigana na gogo. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, nikaukasirikia mti, nikajikasirikia mwenyewe.

Nikamnong'oneza. Akalisema kwa sauti, wote wakasikia, akakata mara moja.

Waziri akampa mkono, kisha akakichukua kisu na kukipimapima. Akausifu mpini. Watu wakapokezana, wakauliza ebene inapatikana wapi, na mmoja akataka nimtengenezee wa kwake. Mzee amepona, walisema. Mimi nikaendelea kunawa damu.

Baba alikuwa amekaa kitini, ananiangalia mimi tu. Walipoondoka akanivuta shati.

— Mwaka wenye kukuya utashika tena miguu ya mbuzi? Weye mwenyewe?

Nikamwambia nitashika.